Hatua Iliyochelewa

Jumamosi hiyo mvua iliwakusanya watu wa mtaa wa Kimihurura kwenye ukumbi wa michezo, ghorofa ya tatu ya jengo la maduka, mpaka pa kuegeshea mwavuli pakakosekana. Raïssa aliingia kujikinga tu. Alivaa blauzi ya rangi ya haradali na sketi nyeusi ya kazini, viatu vya kisigino amevishika mkononi, maana kimoja kilikuwa kimejaa maji.

Mbele yake kijana mmoja alikuwa akirukaruka juu ya mashine ya muziki. Mishale ilipanda kwenye skrini, na kila mshale ulipogusa mstari wa juu, mchezaji alipaswa kukanyaga kibao chenye mshale kama ule, sawasawa na mdundo. Ukiwahi, umekosa. Ukichelewa, umekosa. Kijana alishindwa, akashuka akihema.

"Ngazi ya tisa si ya binadamu!"

"Ni ya binadamu anayesikiliza," Raïssa akasema, kisha akajuta.

"Basi panda, dada, tukuone," sauti ikatoka nyuma yake.

Alikuwa Rwema, mtunza mashine, mrefu mwenye fulana ya kijani, bisibisi imechomekwa juu ya sikio kama kalamu ya fundi seremala. Ndiye aliyepanga mishale ya nyimbo zote za nyumbani, akiamua mdundo upi upate mshale na upi uachwe upite.

Raïssa aliweka viatu chini akapanda. Wimbo wa kwanza alijikwaa. Wa pili alicheza macho nusu yamefumbwa. Wa tatu, ngazi ya tisa, alikosa mishale minne katika mia tatu, na watu wakapiga makofi.

"Umejifunzia wapi, mrembo?"

"Bujumbura, Buyenzi. Kaka yangu alikuwa na kimashine cha nyumbani, tukacheza mpaka mama akakificha. Na wewe, Kiswahili hicho cha madaha?"

"Mwanza. Wazee walirudi huku nikiwa na miaka kumi na miwili. Sasa namba yako ya simu, nayo ni ngazi ya tisa?"

"Ya kumi na moja," alicheka. "Lakini andika."

Wakapendana. Raïssa alikuwa akipokea simu katika ofisi ya kusafirisha vifurushi huko Kiyovu, na kila saa sita mchana simu yake mwenyewe ililia, Rwema akipiga.

"Allô, mukunzi, mpenzi wangu. Umekula?" Raïssa alipokea.

"Nimekula sauti yako. Njoo jioni, nimepanga wimbo mpya ngazi ya kumi na moja. Hakuna aliyeumaliza."

"Unanitega, sha."

"Nakutega uje."

Miezi minne ikapita hivyo. Kisha asubuhi moja ya Mei, Raïssa aliweka mkono wa simu ya ofisi kwenye sikio la kushoto, asisikie neno. Palikuwa na mluzi tu, mwembamba, kama birika linalochemka nyumba ya jirani. Akadhani simu imekufa. Alipoihamishia kulia, mteja alikuwa anafoka: "Allô! Allô! Kwani nyie mmelala?"

Mluzi haukuondoka. Kwenye mashine alianza kukosa, tena si kwa kubabaika. Mguu ulitua mahali pake, ila ulichelewa kidogo. Alikwenda hospitali peke yake. Daktari alimpima, akaandika, kisha akasema arudi Alhamisi kupigwa picha ya kichwa.

"Ya kichwa, daktari? Si ni sikio?"

"Tuangalie kwanza," daktari alijibu, bila kuinua macho.

Maneno hayo mawili alirudi nayo nyumbani Batsinda, akalala nayo, akaamka nayo. Hakumwambia mama yake, Spéciose. Hakumwambia Rwema. Ofisi ingemweka wa nini mpokea simu asiyesikia? Na Rwema, aliyempenda siku ile kwa sababu ya masikio yake, angempenda kwa lipi?

Rwema aliona mambo mengine. Akimsemesha kutoka kushoto, mpenzi wake hageuki. Akimpigia simu, majibu ni mafupi.

"Kuna mtu mwingine, Raïssa?"

"Hakuna."

"Mbona uko mbali?"

"Nimechoka tu, chéri."

Akamwona kwenye mashine akikosa na kuuma midomo, akaogopa kwamba amechoshwa na mchezo, na kesho atachoshwa na mwenye mchezo. Basi Jumanne, kabla hajafika, alifungua mipangilio ya mashine akailegeza. Hatua iliyowahi ikahesabiwa, hatua iliyochelewa ikahesabiwa. Kwa macho hakuna ambaye angejua.

Jioni hiyo Raïssa aliumaliza wimbo wa ngazi ya kumi na moja. Skrini iliandika "Safi" mara mia nne. Akashuka akilia, akamkumbatia, na Rwema akafurahi kumwona analia kwa raha.

Raïssa alilia kwa sababu nyingine. Mashine haina huruma, aliwaza. Kama inasema nimekanyaga sawasawa, basi sikio limepona. Mluzi utaisha wenyewe. Alhamisi ikaja, hakwenda hospitali. Hata wiki iliyofuata hakwenda.

Wiki ya tatu alikuta mashine yake ina mtu, akapanda nyingine kama hiyo iliyokuwa pembeni. Wimbo uleule, ngazi ileile. Mishale thelathini haikufika, skrini ikazima. Akarudia, ikazima tena.

Annick, aliyeuza vinywaji pale, alicheka bila ubaya. "Rudi kwenye ile yako, sha! Si Rwema aliniambia ameilegeza kwa ajili yako? Mapenzi hayo!"

Raïssa alihisi sakafu inainama. Alimkuta Rwema kwenye ngazi za kushukia nje.

"Uliilegeza?"

"Nilitaka ufurahi tu, mpenzi. Ni mchezo..."

"Hujui ulichofanya," alisema taratibu, na utaratibu huo ukamtisha Rwema kuliko kelele. Akashuka huku ameshika ukuta.

Rwema alipiga simu siku mbili, haikupokelewa. Asubuhi ya tatu ikapokelewa na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Wewe ndiye Rwema? Mimi ni mama yake. Mtoto amekaa chini tangu alfajiri, anaogopa kusimama. Anasema nyumba inamzunguka. Ameniambia habari ya picha ya kichwa. Wewe ulijua?"

"Sikujua, mama. Wallahi sikujua."

"Basi njoo. Iko teksi hapa inasubiri, mimi peke yangu siwezi kumbeba."

Alimkuta amejikunyata ukutani, kanga imezunguka mabega, uso umepauka. Rwema alipiga magoti.

"Nilidhani nimepona," Raïssa alinong'ona. "Nilikuamini wewe na mashine yako nikaacha kwenda. Kama kuna kitu kichwani na kimekua, Rwema? Kama kimekua wakati nacheza?"

Rwema alimnyanyua akambeba mpaka kwenye teksi. Wakaenda moja kwa moja hospitali.

Picha ilionyesha uvimbe mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Si saratani, daktari alisema, ila ukiachwa utafika kwenye ubongo. Utaondolewa, na usikivu wa sikio la kushoto utakwenda nao.

"Daktari," Rwema akauliza, "zile wiki tatu?"

"Wiki tatu hazikubadilisha kitu. Mwaka ungebadilisha."

Rwema alitoka nje akaegemea ukuta wa hospitali akalia kama aliyefiwa.

Asubuhi ya upasuaji, wauguzi wakiwa wameshaleta kitanda chenye magurudumu, Rwema alimshika Raïssa mkono.

"Raïssa, nataka kukuoa."

Raïssa aliuachia mkono wake. "Usiniulize leo. Nikikujibu leo, ni woga utakaokuwa unajibu. Hata huyo anayeuliza, sijui kama ni wewe au ni majuto yako."

Akasukumwa, milango ikafungwa.

Upasuaji ulichukua muda wa saa saba. Mama Spéciose alihesabu rozari mpaka vidole vikauma. Rwema hakuweza hata kuomba. Kila mlango uliofunguka ulimwinua kitini.

Raïssa alitoka hai. Upande wa kushoto wa uso ulilegea kidogo, na daktari alisema utarudi polepole. Sikio halikurudi. Siku ya nne alijaribu kutembea kwenye korido ya wodi, akiyumba kama mtoto anayeanza kusimama, Rwema akiwa upande wake wa kulia. Walipofika dirishani alisimama.

"Uliza sasa."

"Bado unaogopa?"

"Sana. Nitaogopa kuvuka barabara, nitaogopa gizani. Na wewe?"

"Mimi naogopa kila siku nitakayokudanganya hata kwa wema. Kwa hiyo sitakudanganya. Unayumba vibaya, uso wako umepinda, na nataka nikuoe."

Raïssa alicheka upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka.

"Ndiyo. Ninayejibu ni mimi."

Nyuma yao Mama Spéciose, aliyejifanya anasinzia kwenye benchi, alikohoa.

"Basi wazee wake waje kwangu Batsinda, waseme kwa adabu. Mambo ya dirishani mimi siyajui."