Mtoto Aliyechukuliwa Akhetaten

Katika zama zile ambapo mafarao walikuwa wamekwisha kumrudia Amuni, mungu wa kale wa Thebesi, na jina la Ateni, mungu wa jua, limekuwa haramu kinywani, aliishi Thebesi mchonga mawe aitwaye Ipuki. Ujana wake wote aliumalizia Akhetaten, mji mtakatifu uliojengwa jangwani kwa ajili ya Ateni peke yake, kisha ukahamwa kabla kuta zake hazijazeeka. Huko ndiko alikomzika binti yake wa pekee, Tamiu, aliyekufa kwa tauni akiwa na miaka sita.

Sasa mkewe, Werel, alikuwa akikohoa damu, na waganga walikwisha kunawa mikono.

"Baba Tamiu," alisema, "sitaki kulala kaburini peke yangu. Nipeleke nikamchukue mwanangu."

Wakateremka na mto siku kumi katika mashua ya nafaka, Werel amelazwa juu ya magunia ya shayiri. Walipofika, Ipuki hakuutambua mji. Majumba hayakuwa na paa, milango ilikuwa imeng'olewa, na fisi walikuwa wamezaa katika bustani za kifalme. Hekaluni, askari wenye ngao za ngozi ya ng'ombe walikuwa wakibomoa kuta na kupakia mawe majahazini, yavushwe ng'ambo yakajenge hekalu jingine.

Jemadari wao, Kasa, aliambiwa wamekuja kumfukua mtoto wao, akazitazama patasi za shaba zilizoning'inia kiunoni mwa Ipuki.

"Ulifanya kazi hapa?"

"Nilikuwa kijana, bwana. Nilichonga nilichoambiwa."

"Basi leo utafuta ninachokuambia. Jina la Ateni lisibaki kwenye ukuta huu. Ukimaliza, nenda kwenye makaburi yako. Ukikataa, mashua yenu ile pale."

"Bwana, mke wangu hana siku nyingi."

"Basi fanya haraka."

Kwa siku mbili Ipuki alifuta. Alama nyingine alizijua kuwa ni za mkono wake mwenyewe, maana kila mchonga mawe ana namna yake ya kuumaliza mstari. Werel alikaa kivulini, ametandika kitambaa cha kitani magotini, akimtazama. Vumbi lilipomzidi alikohoa, na Ipuki akazidi kupiga nyundo asije akaisikia ile sauti.

Siku ya tatu Kasa akawapa ruhusa. Wakashika njia ya bonde nyuma ya mji, ambako watu wa kawaida walikuwa wakizikwa, Ipuki akimbeba mkewe mgongoni. Walipofika ukingoni, akamtua. Mafuriko ya jangwani yalikuwa yamepita pale. Bonde lilikuwa limechimbuka toka mwanzo hadi mwisho, mikeka ya maiti imechanika, mifupa imetapakaa mchangani pamoja na kokoto. Hapakuwa na kaburi hata moja la kulitambua.

Ipuki akafukua kwa mikono tangu asubuhi mpaka jua likainama. Alifukua wanaume, akafukua wazee, akawafunika tena. Mwisho akafikia mkeka mdogo uliokuwa bado umefungwa. Werel akajivuta kwa viwiko mpaka pale.

"Ndiye?" akauliza.

Tamiu alianguka darini akiwa na miaka minne, akavunjika mkono wa kushoto, na mfupa ukaunga kombo. Ipuki akaufungua mkeka, akaupapasa mkono wa kushoto wa maiti ile. Ulikuwa umenyooka kama unyasi.

"Ndiye," akasema.

Werel akaikunja mifupa ile katika kitani, akaikumbatia njia nzima kurudi mtoni, Ipuki amembeba.

Mashua ilipotweka tanga kurudi Thebesi, Werel aliingiza mkono ndani ya kitani. Kisha akasema, "Mkono wake haukuvunjika kamwe. Nilipapasa na mimi."

Ipuki akamfunika mabega.

"Nilitaka turudi tumtafute wetu," akasema Werel, "lakini nguvu zimekwisha, zako na zangu. Na huyu naye, mama yake hakuja kumchukua."

Akaivuta kitani karibu na kifua chake, akafumba macho. Ipuki akageuka kutazama nyuma, kwenye ule ukingo wa mchanga alikobaki binti yake. Upepo wa kaskazini ulikuwa umejaa tangani, mashua inakwenda, na hakuwa na sababu yoyote ya kumwambia nahodha asimame.