Beji Nyekundu Namba Kumi na Saba

Mtaani wananiita Kiherehere, na siwezi kubisha sana. Nikiona watu wawili wanazungumza, mimi huwa wa tatu. Likizo ile nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kumpelekea mama chakula cha mchana kazini.

Mama alikuwa mkuu wa zamu kwenye yadi ya taka hatari. Usidhani ni taka za maganda na makaratasi. Malori yalileta mapipa ya tindikali kutoka viwandani, betri zilizokufa, mabaki ya rangi na dawa za kuua wadudu. Mama na wenzake waliyapokea, wakasoma vibandiko vyake, wakatenganisha yasiyopatana, kisha wakayapeleka kuharibiwa bila kumdhuru mtu. Nguo zake za kazi hazikuwahi kufika nyumbani. Zilifuliwa hukohuko, naye alioga kabla ya kutoka. Mimi niliona anajisumbua bure. Hata hivyo, kila siku nilimganda anipeleke nikalione ghala la mapipa, na kila siku alikataa.

Getini alikaa mlinzi ambaye watoto wote tulimwita Mjomba. Kando yake palikuwa na ubao mkubwa wenye misumari, na kwenye kila msumari ilining'inia beji yenye namba. Za wafanyakazi zilikuwa za kijani, za wageni nyekundu. Ukiingia, unavaa beji. Ukitoka, unairudisha kwenye msumari wake. Hata mkurugenzi alivaa.

"Mjomba, mimi naishia chumba cha kulia tu," nilimwambia siku moja. "Beji ya nini?"

"Msumari ukiwa mtupu, kuna mtu ndani," alijibu. "Likitokea la kutokea, hatuanzi kuulizana fulani yuko wapi. Tunautazama ubao, basi. Haya, vaa, chakula cha mama yako kinapoa."

Balaa lilianzia uwanjani. Nilikuwa nimewatangazia watoto wenzangu kwamba mimi huingia hadi ghalani, nimevaa kinyago cha gesi kama mama. Uongo mtupu! Rafiki yangu Mbishi, ambaye haamini kitu mpaka akishike, alinikodolea macho.

"Lete ushahidi," alisema. "Bila ushahidi, wewe ni domo tu."

Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Iliniuma, na usiku nililala nikiifikiria.

Kesho yake Mjomba alinipa beji nyekundu namba kumi na saba. Nilimkuta mama ameshanawa, yuko mezani na mwenzake tuliyemwita Baba Mapacha. Mapacha wenyewe walikuwa na wiki tatu tu duniani.

"Hawanipi nafasi ya kulala," alilalamika, huku uso wote ukicheka. "Mmoja akimaliza kulia, mwingine anaingia zamu."

Kabla mama hajamaliza kula, aliitwa kwenda kupokea lori. "Funga vyombo uende nyumbani moja kwa moja," aliniambia, akaondoka na Baba Mapacha.

Nilipofika getini, Mjomba alikuwa amenipa mgongo, anakagua karatasi za dereva wa lori hilo. Nikapita pembeni kimyakimya, beji ikiwa mfukoni. Nilikimbia hadi uwanjani, hatua kama mia mbili hivi, nikaitoa.

"Haya! Ushahidi huu hapa!"

Beji ikapita mkono kwa mkono. Mbishi aliigeuza mara mbili, akaguna, "Kumbe kweli." Nilijiona bingwa wa dunia.

Ubingwa wangu haukudumu hata nusu saa. Ghafla king'ora kililia yadini. Kupitia uzio wa waya tuliona moshi wa njano ukitoka mlangoni mwa ghala, ukitambaa chini. Wafanyakazi walitoka getini haraka, bila kusukumana, wakakusanyika ng'ambo ya barabara, upande ule upepo unakotokea, ili moshi usiwafuate.

Wenzangu walishangilia kana kwamba wako sinema. Nami nilisisimka, nakiri. Kisha nikamwona Mjomba amesimama katikati ya watu, ameukumbatia ubao wake, na kila mfanyakazi anatundika beji yake. Yangu ilikuwa mikononi mwa Mbishi.

"Mbishi," nilisema, "watadhani nimo ndani."

"Itupe mtaroni," alininong'oneza. "Useme uliirudisha ikaanguka. Nani atajua?"

Nililifikiria jambo hilo. Sitadanganya tena, nililifikiria, hata nikautazama mtaro. Lakini king'ora kilipokatika kidogo, nikasikia sauti ya mama. Alikuwa anaita jina langu halisi, lile analolitumia nikiwa mgonjwa. Alikuwa anavaa mtungi wa hewa mgongoni, na Baba Mapacha, akiwa na mtungi wake, anamfungia mikanda. Wakafunika nyuso kwa vinyago, wakaingia getini. Walikuwa wanakwenda kwenye moshi ule kunitafuta mimi, niliyesimama uwanjani na afya yangu tele!

Nilimpokonya Mbishi beji nikatimua mbio. Kiatu cha kwanza kilinitoka, kisha cha pili, sikugeuka. Nilipofika barabarani nilikuta kamba imeshafungwa, na mfanyakazi mmoja akanidaka kiunoni.

"Huku hapapitwi, mtoto!"

"Kumi na saba ni mimi! Ni mimi!"

King'ora, kilichokuwa kimeanza tena, kilimeza maneno yangu yote. Nikajichomoa mikononi mwake, nikapanda juu ya boneti ya gari lililoegeshwa, nikainua beji juu kadiri mkono wangu ulivyofika. Nilipiga kelele mpaka koo likauma.

Mjomba aliinua kichwa. Akaiona beji, akauona uso wangu. Hakuuliza kitu. Alinyakua honi ya mkononi akaipuliza mara tatu, kila mlio mrefu. Pale yadini, milio mitatu maana yake ni kwamba walio ndani watoke mara moja, lolote wanalofanya waliache.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni mwa ghala. Aligeuka, akasita. Baadaye aliniambia kwamba kwa sekunde zile hakutaka kutii, kwa sababu aliamini mtoto wake yumo ndani. Baba Mapacha akamshika mkono akamvuta, wakaanza kurudi mbio. Hawajafika hata katikati ya yadi, tukasikia mshindo. Pipa lililokuwa limevimba lilipasuka, mfuniko ukaruka ukagonga mlango palepale walipokuwa wamesimama, na majimaji yakatapakaa yakifuka moshi.

Walipotoka getini nilimkimbilia mama.

"Usinisogelee!" alifoka kutoka ndani ya kinyago.

Niliganda. Nilijua amenichukia, na nilijua nimestahili. Lakini wenzake wakaja na mpira wa maji, wakawamwagia wote wawili kuanzia kichwani, wakasugua buti zao kwa brashi, wakawavua nguo za kinga, na mwisho kabisa wakawavua vinyago. Kumbe hakutaka sumu ile inifikie. Alipokuwa safi alifungua mikono.

"Sasa njoo," alisema, na tulilia wote.

Mkurugenzi alikuwa amemgeukia Mjomba kwa ukali. "Ilikuwaje beji ya mgeni ikatoka getini? Unajua ungeweza kuua watu leo?"

Mjomba aliinamisha kichwa. Sikuweza kuvumilia.

"Si yeye," nilisema. Watu wote walikuwa wananitazama. "Niliificha mfukoni makusudi. Nilitaka kuwaringia wenzangu kwamba mimi huingia ghalani. Sijawahi kuingia. Nisameheni."

Baba Mapacha alijifuta maji usoni, akanigeukia. "Nina watoto wawili ambao bado hawajui hata kucheka," alisema taratibu.

"Na mimi nilipaswa kumwona akitoka," alisema Mjomba. "Kuanzia leo, lori likiingia, mlango wa watu utafungwa kwanza."

Jioni gesi ilikuwa imekwisha, na majimaji yamefunikwa kwa mchanga maalumu. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba mapipa mawili ya lori lile yalikuwa na vibandiko vya uongo. Huko kiwandani yalikotoka, mtu fulani aliona uvivu kuandika kilichomo, basi akabandika chochote. Yaliyomo yalipovuja na kugusana, yakatoa sumu.

Mama alinieleza hayo tukitembea kurudi nyumbani, mimi nikiwa pekupeku. Nami nilimweleza yote, hata lile la mtaro.

"Nimefanya kazi pale miaka tisa," alisema. "Leo niliingia kwenye moshi bila kuuliza mara mbili, kwa kuwa ubao ule haujawahi kunidanganya. Yule aliyebandika kibandiko cha uongo na wewe uliyeondoka na beji mmefanya jambo lilelile. Mmewapa uongo watu wanaoyaweka maisha yao juu ya maneno yenu."

Machozi yalinitoka upya.

"Lakini yule wa kiwandani hajajitokeza mpaka sasa," aliendelea, akinifuta shavu kwa kiganja. "Wewe ulikuja mbio, ukasema kweli mbele ya watu wazima, ukamkinga Mjomba pia. Ndiyo maana mimi na Baba Mapacha tunarudi nyumbani leo. Utakosea tena, mwanangu, kila mtu hukosea. Siku hiyo usitafute mtaro wa kufichia kosa. Njoo useme, na uje upesi."

"Nitakuja, mama," nilisema.

Akanishika mkono, tukavuka barabara.