Matone Matatu

Kila siku akitoka shule, Sundus huvua viatu, hula muhogo wake haraka haraka, kisha huketi mbele ya kompyuta katika duka la uchapaji la mama yake, Zubaida, pale Old Kampala. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa na ugonjwa mmoja tu: herufi nene za mviringo, zenye vijiguu vifupi na ncha zilizovimba kama maandazi. Kwenye mabango ya saluni na kadi za harusi zilipendeza kweli, huwezi kupita bila kuzitazama.

"Hizo ni za kichwa cha habari," mama yake alimwambia mara nyingi. "Maneno madogo yape herufi nyembamba."

Alhamisi moja Zubaida alikwenda kununua wino, akamwachia Sundus achape kadi za zahanati moja ya Kawempe. Zilikuwa za kuwaonyesha akina mama kipimo cha dawa ya matone. Sundus akaona zimepooza. Akatia herufi zake nene kila mahali, hata kwenye tarakimu, akachapa. Muuguzi wa zahanati hiyo, Sista Aol, akaja kuzichukua.

"Kadi iko mzuri sana," alisema, akaondoka nazo.

Muda si mrefu Faizal, mwanafunzi mwenzake, aliingia kutoa kopi akaokota kadi moja iliyobaki. "Mtoto mchanga, matone nane," akasoma.

"Matatu," Sundus akamsahihisha.

"Mimi naona nane. Tazama mwenyewe."

Sundus akaichukua kadi, akaisogeza karibu na macho. Kwa udogo ule, ncha nene za ile tatu zilikuwa zimegusana na katikati yake, mianya yote ikazibika.

"Nyamaza tu," Faizal akanong'ona. "Watadhani sista ndiye amekosea."

Ushauri huo, tusifichane, ulimvutia. Lakini kila alipofumba macho alimwona mtoto akinyweshwa dawa. Mama yake aliporudi, Sundus akajikaza na kumweleza yote, machozi yakimtiririka.

Zubaida hakugomba. Alimpigia Sista Aol simu, hakupatikana. Akafunga duka, wakapanda boda hadi Kawempe, Sundus akiwa roho juu njia nzima.

Kwenye benchi la nje ya zahanati aliketi mama kijana aitwaye Lakica, mtoto magotini na kadi pembeni, akidondosha dawa kwenye kijiko. "Nne, tano," alikuwa akihesabu.

"Mama, usimpe!" Sundus alipaza sauti. "Ni matatu. Kadi ina makosa, nimekosea mimi."

Lakica akabaki na kijiko hewani. Sista Aol akatoka ndani mbio, akaichunguza kadi, akaimwaga ile dawa. Kadi nyingine zote zilikuwa bado ndani ya bahasha.

"Hata mimi nilikosa," akasema polepole. "Nilitazama uzuri, namba sikusoma."

Zubaida akamshika binti yake bega. "Herufi zako ni nzuri zinapomwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Hapa zilitakiwa zisomeke tu. Kadi tutazichapa upya, hilo ni jambo dogo. Lakini ungenyamaza, mwanangu, mtoto akadhurika, tungechapa nini cha kurekebisha?"

Kwenye benchi, mtoto alimezeshwa matone yake matatu, akakunja uso, akaangua kilio kwa nguvu zake zote.