Supachaja ya Gari la Kaka

Kaka yangu mkubwa ni fundi magari, na gari lake lilikuwa kuukuu kuliko mimi. Mlima wa kwenda kwao wifi lilikuwa likiupanda kwa kwikwi.

"Nitalifungia supachaja," alisema, yaani ile pampu ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Mpya ilimshinda bei. Akaipata kwa muuza vyuma chakavu, imetolewa kwenye gari lililopata ajali. Mzee yule hakutaka hata kupatana.

"Iondoe tu hapa," alinong'ona.

Jumamosi asubuhi nikawa namshikia spana. Vishikizo alivichomelea kwa chuma cha kitanda kibovu, mkanda aliutoa kwenye mashine mbovu ya kusaga. Wifi akaingia, akajifungia mlango wa abiria, akicheka. "Haya mume wangu, likipaa unishushe kwa mama."

Kaka aliingiza mkono kwenye dirisha la dereva, akawasha. Supachaja ikalia kwa sauti nyembamba, tukapiga makofi. Kisha sauti ikashuka. Ikawa kama mtu anavuta pumzi. Ndefu. Haitoi.

Wifi akaacha kucheka. Akashika koo.

"Hewa," alisema.

Kaka akazima. Ikaendelea kuvuta. Akang'oa waya wa betri. Nikaukata mkanda kwa kisu, ukaniangukia miguuni. Puli, kile kigurudumu cha mkanda, ikazidi kuzunguka. Yenyewe.

Vioo vilikuwa vimepanda. Hatukuona vilipopanda. Tukavuta milango. Wapi! Nikapiga kioo kwa nyundo, ikadunda kama nimepiga mpira. Wifi alikuwa anatutazama tu, mdomo wazi. Kaka akapiga magoti mbele ya boneti.

"Nivute mimi," alinong'ona. "Nivute mimi."

Ikanyamaza. Mlango wa wifi ukafunguka taratibu.

Daktari alisema ni pumu. Wifi hakuwahi kuugua pumu.

Baada ya mazishi tulimfuata yule mzee. Alituona, akauliza neno moja: "Nani?"

"Mke wangu," kaka alijibu.

"Kwangu alikuwa mwanangu."

Kaka alikwenda kumpiga. Mkono haukunyanyuka.

Supachaja tuliitupa mtoni. Gari liko uani, limefungwa. Lakini kila asubuhi kioo cha upande wa abiria kina ukungu wa pumzi, kwa ndani, duara dogo. Tulikuwa tukilifuta, linarudi.

Siku hizi kaka halifuti. Hushusha kioo upana wa kidole kimoja, ili wifi apate hewa.