Kigari Kisichojua Maji

Basi lilimtua Hatibu kijijini Kharumwa jua likikaribia kuzama, kisha likaondoka na kumwachia vumbi. Alikuwa ametoka Shinyanga alfajiri. Pancha mbili na injini iliyochemka vilikula siku nzima, lakini hakunung'unika. Alikuja kuchukua kigari.

Tucheke kwanza, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha. Hatibu, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, karani wa ghala la vipuri, alikuwa akikusanya vigari. Si vile vya watoto vya makopo na nyaya. Vyake vilikuwa vya chuma, vimetengenezwa Ulaya, vya kukaa kiganjani, mfano kamili wa magari yaliyokimbia Safari Rally miaka ya sitini: milango inafunguka, taa nne mbele, tairi la akiba juu ya paa, namba ubavuni. Alikuwa navyo tisa, kabatini, nyuma ya kioo. Mtaa wake wa Ngokolo ulimtania usichoke. "Baba Tabu, leo umemaliza wa ngapi?" Mkewe Mwanne hakutania. Alisema tu kwamba kabati lile lingefaa vyombo.

Tabu alikuwa binti yao wa miezi kumi. Mimba nne ziliharibika kabla yake, ndiyo sababu ya jina. Hatibu alimpenda kupita vigari vyote duniani, na mlijue hilo kabla sijaendelea.

Cha kumi alichokisaka kilikuwa Pejo 404 nyeupe. Dereva mmoja wa malori alimwambia kuwa mjane wa Kharumwa anayo.

Nyumba ilijitenga na nyingine. Harufu ilimpokea kabla ya mwenyewe. Haikuwa ya mzoga, wala ya choo. Ilikuwa harufu ya mdomo... mdomo wa mgonjwa ambao haujasukutuliwa wiki nzima.

"Mwadila, mayu," Hatibu alisalimia kwa Kisukuma chake cha dukani. "Shikamoo."

"Marahaba, baba. Pita ndani."

Sauti ya mama yule ilikwaruza. Midomo yake ilikuwa imepasuka mpaka kwenye nyama. Aliitwa Generoza, mzaliwa wa Ushirombo, na rozari ilimning'inia shingoni. Mumewe Otmar alikuwa fundi wa mashine za kusaga mawe ya dhahabu, marehemu mwaka wa tatu sasa. Generoza aliingia chumbani, akarudi na bakuli lililofunikwa kitambaa.

Hatibu alikifunua, akasahau harufu.

Lo, kigari kile! Rangi nyeupe. Tope jekundu limeganda kwenye madigadi. Ndani, nyuma ya usukani, dereva mdogo kuliko ukucha. Alikuwa na nywele. Alikuwa na kope. Macho yamefumbwa.

Sasa, kila mkusanyaji ana lake. Wengine hutumia kioo cha kukuzia, wengine hunusa rangi. Hatibu alilamba kidole gumba na kusugua namba ya ubavuni, kwani rangi ya kiwandani haiogopi mate, ila ya kubandika huachia. Alifanya hivyo kwa vyote tisa. Akakifanyia hivyo na hiki, bila hata kufikiri.

Bati lilikuwa la uvuguvugu. Mate yalizama ndani.

Generoza akashusha pumzi ndefu. Kisha akageuka ukutani, akaanza kutema mate. Alitema mengi, mazito, yakamtiririka kidevuni hadi kwenye rozari, na huku akitema akawa analia kwa furaha.

"Mungu anisamehe," alinong'ona. "Miaka mitatu, baba, sijawahi kuwa na mate yangu mwenyewe."

"Mama, unaumwa?"

"Nilikuwa. Otmar alikiokota kwenye kifusi cha mgodi, akakifuta kwa mate, kama wewe. Alipokufa kikanigeukia mimi, maana hatukujaaliwa mtoto. Sikiliza. Jua likizama, kilambe. Kila siku. Usipokilamba, kitakunywa kwa mtu wa damu yako."

"Nikikiosha?"

"Hakijui maji."

"Na nikikiacha hapahapa?"

"Ukikiacha, ukikibeba, ni yaleyale. Umeshakionjesha." Akampangusia bakuli, akalisukuma kwake. "Nenda, baba. Nenda salama."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza zaidi. Hatibu aliona mjane aliyechanganyikiwa na Pejo 404 isiyo na mkwaruzo. Akashukuru, akakifunga kwenye leso, akadandia lori la pamba.

Kesho yake alikipanga kabatini, cha kumi, akakitazama mchana kutwa. Jua lilipozama hakulamba kitu. Alikuwa sebuleni akimchezesha Tabu mapajani ndipo ile harufu ilipomfikia. Akampa Mwanne mtoto, akafungua kioo.

Kigari kilikuwa kinatoka jasho. Ute wa njano ulichuruzika milangoni, ukiwa umelowesha vile tisa vingine. Hatibu akainama.

Dereva alikuwa amefumbua mdomo.

Ndani ya kijimdomo kile kulikuwa na ulimi. Mwembamba. Wa kijivu. Ulikuwa ukipapasa hewani...

Hatibu alitapika palepale, juu ya viatu vyake. Si woga, kinyaa. Kinyaa kilichomtoka tumboni hadi kwenye nywele. Alikinyakua kile kitu kwa gazeti, akakimbia nacho uani, akakitumbukiza kwenye tundu la choo cha shimo. Akasikia kilivyoanguka. Chubwi. Akanawa mikono mara saba, akalala.

Alfajiri Mwanne alimwamsha kwa kunong'ona.

"Baba Tabu. Mtoto hamezi."

Tabu alikuwa amefungua mdomo kama anayelia, lakini sauti haikutoka, na machozi hayakutoka. Ulimi wake ulikuwa mkavu na mweupe. Midomo ilikuwa imepasuka. Walimkimbiza zahanati. Mganga alijaribu maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, yakatoka puani yalivyoingia. Alipomchoma sindano damu ilitoka tone moja, nzito kama uji. Kufikia alasiri macho ya Tabu yalikuwa yameanza kushikana na kope.

Hapo ndipo Hatibu alipomwambia mkewe yote. Mwanne alimfunika mtoto kanga, akamtazama mumewe usoni.

"Kitoe," alisema.

Walirudi nyumbani, Hatibu akang'oa mbao za choo kwa mtarimbo, akateremsha ngazi, akavua shati. Jua lilikuwa limefika juu ya mapaa. Akashuka. Kinyesi kilimfika magotini, kisha mapajani, cha moto, na funza walimpanda kiunoni kwa wingi. Akaingiza mikono hadi mabegani. Akapapasa. Alishika vibunzi vya mahindi, matambara, kitu laini ambacho hakutaka kukijua. Alitapika, akapapasa ndani ya matapishi yake.

Kitu kikamnyonya kidole.

Hakuvuta mkono. Alikikamata, akapanda ngazi akitweta.

Aliosha kwa ndoo tatu na sabuni ya mche. Maji yaliteleza juu ya bati kama yanavyoteleza juu ya jani la mgomba, na uchafu ukabaki palepale, mbichi, hata funza mmoja kwenye kioo cha mbele. Alisugua kwa mchanga. Alisugua kwa majivu. Haikusaidia. Mlangoni pa uani Mwanne alikuwa amesimama, Tabu begani, kichwa cha mtoto kikining'inia.

"Jua linazama, Baba Tabu."

Hatibu alifumba macho, akatoa ulimi.

Alilamba paa. Alilamba milango, na madigadi, na chini kwenye ekseli ambako mavi yalikuwa yameshindiliwa. Alimeza, kwa sababu akitema ingekuwa bure. Kinyaa kile sina neno lake. Alipofika dirishani, ule ulimi mwembamba ulimgusa wake, ukauvuta kwa upole kama mtoto anyonyaye titi.

Nyuma yake Tabu alilia. Sauti yenyewe, na machozi mawili makubwa mashavuni.

Hatibu aligeuka akicheka na kulia, mikono mbele. Mwanne akarudi hatua moja nyuma.

"Usimguse," alisema taratibu. "Nitakupikia, nitakufulia. Lakini mdomo huo usimkaribie mwanangu."

Na haukumkaribia. Mwaka uliofuata Tabu alianza kutembea. Kila jioni humkimbilia baba yake kwenye kibaraza, humwinulia shavu abusiwe. Hatibu hugeuza uso, midomo ameibana, na huingia ndani kabla mtoto hajaanza kulia, maana kigari kilichomo mdomoni hakijamaliza kunywa.