Emmah Hakutoka Kwenye Chupa

Jioni hiyo huko Kegonga, Nyamusi alikuwa akianua mahindi uani. Jikoni, mama mkwe wake, Wegesa, aliwagawia wajukuu ugali wa wimbi. Kila mjukuu aliitwa kwa jina alilorithi kwa mzee wa ukoo. Emmah, binti ya Nyamusi, hakuwa na jina kama hilo. Aliitwa "wa chupa".

Emmah akatoka na tonge mkononi. "Mama, mimi nilitoka kwa chupa gani?"

Nyamusi akaangusha gunia.

Yeye na mumewe, Maroa, walikuwa wamekosa mtoto kwa miaka mingi. Wakakubali wote wawili msaada wa hospitali, pamoja na mbegu ya mwanamume wasiyemjua. Emmah alipozaliwa, Wegesa alisema damu ya mgeni haipewi jina la ukoo. Maroa naye hakwenda kumwandikisha. Mtoto hakupata hata cheti cha kuzaliwa, na sasa shule ilikitaka.

Asubuhi Nyamusi alimleta jirani yao Asmaa, afisa wa watoto. Asmaa hakungoja chai.

"Maroa, hospitalini ulilazimishwa?"

"Nilikubali mwenyewe."

"Basi ni wako. Katiba inampa kila mtoto haki ya jina tangu azaliwe, na malezi ya baba na mama. Haiulizi alipatikanaje. Nyinyi ndio mliomtafuta. Yeye hakuwaomba."

Akaongeza kwamba Emmah aambiwe ukweli na wazazi wake, kwa maneno ya umri wake, si kwa kejeli za jikoni.

Wegesa akasonya. Alitaka tu kujua mbegu ni ya nani.

Nyamusi akachoka kuvumilia. "Mama, na marehemu mume wako alitokana na mbegu ya nani? Bibi Robi, mama mkwe wako, hakujaliwa mtoto. Alioa mwanamke amzalie, kwa desturi yetu ya nyumba ntobu. Mume wako akazaliwa, hakuna aliyeuliza baba ni nani, akawa wa Robi, basi. Ng'ombe wa mahari yako walitoka zizini kwa Robi, na kwenu hawakurudishwa. Leo unampima mwanangu damu?"

Wegesa akatazama chini. Maroa akasimama, akavaa koti.

"Mama, naenda kumwandikisha. Nipe jina."

Wegesa akasema polepole, "Robi."

Emmah alianza shule. Nyamusi alikuwa amemweleza: daktari alitusaidia, mtu mwema akatoa mbegu, ukakua tumboni mwangu. Siku moja mwenzake alimwita wa chupa.

"Chupa ni ya soda," akajibu. "Mimi ni Emmah Robi Maroa."