Mabomu ya Mwezi Mwekundu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijapoa vizuri, Rula alikuwa ameshafagia chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa karakana ya mama yake, fundi cherehani. Aliokota pini kwa sumaku, akakusanya vipande vya nguo kwenye gunia, akapangusa meza kubwa ya kukatia nguo mpaka ikang'aa. Usidhani alikuwa mtoto wa ajabu anayependa kazi. Binti yule wa miaka kumi na tatu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa rula ya chuma haikumtoka mkononi, alikuwa na mahesabu yake. Mama akishatoka kupeleka nguo kwa wateja, meza ile hugeuka uwanja wa vita.

Na vita vyenyewe havikuwa vya kitoto. Vilikuwa vita vya mwaka elfu nne na mia mbili, juu ya Mwezi Mwekundu, mahali ambapo hakuna hewa, na askari akitobolewa vazi lake hupasuka kama puto. Majeshi yalikuwa matatu, kila askari akiwa na urefu wa kidole gumba. Rula aliongoza Jeshi la Chuma, alilolitengeneza kwa nati, bolti na springi za cherehani zilizokufa. Binamu yake, aliyeitwa Kibiriti kwa sababu alikuwa akiwaka upesi, aliongoza Wachimba Madini, watu wa mbao wenye bunduki za moto. Wa tatu alikuwa jirani yao Mapengo, mvulana mpole aliyepoteza meno mawili ya mbele kwa kuanguka ngazini. Yeye aliongoza Wadudu wa Pango, wa udongo wa mfinyanzi, kila mmoja na mikono minane ya waya.

Kwa wiki tatu za likizo walipanga kampeni nzima: mapigano matano, kuanzia Bonde la Vumbi mpaka kwenye ngome ya mwisho. Rula ndiye aliyekuwa mpangaji mkuu. Alichora ramani kwenye karatasi ngumu ya mama yake ya kupimia mikato, akaigawa kwa miraba, akaandika sheria kurasa kumi na moja kwa mwandiko wa kusomeka.

"Wangu wakiteka mji hawachukui mateka," alisema Kibiriti siku moja. "Wanachoma wote, wakubwa kwa wadogo."

"Utachomaje na hewa hakuna?" Rula akauliza.

"Bunduki zao zina hewa ya akiba. Andika hapo kwenye sheria."

"Wangu wanakula ubongo," alisema Mapengo taratibu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Wangu hawana ubongo. Ni chuma kitupu."

"Basi watakula nati. Njaa haichagui."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakarudi kupanga nani atakatwa kichwa na nani atatumbukizwa kwenye tindikali.

Kitu kilichowanogea zaidi ya vyote kilikuwa mabomu ya ardhini. Kila mmoja angechagua miraba minne ya Bonde la Vumbi na kutega mabomu yake kwa siri. Angeandika miraba hiyo kwenye karatasi mbili: moja abaki nayo, nyingine aikunje na kuitia kwenye kopo la vifungo. Adui akikanyaga, mwenye bomu anapiga kelele "Bomu!" na dadu linaamua wafe wangapi. Kopo lilifungwa kwa utepe wa gundi, ili mtu asije akahamisha mabomu yake vita vikishapamba moto. Kibiriti na Mapengo waliandika za kwao wakiwa wamekaa benchi moja, wamegeuziana migongo. Kopo akapewa mpangaji mkuu alitunze mpaka Jumamosi.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Rula alikaa na lile kopo siku tatu. Alikuwa na askari sitini, kila mmoja amemkaza kwa koleo mpaka vidole vikaota malengelenge, na kwa sheria alizoandika mwenyewe, jeshi linaloshindwa bondeni linaingia pigano la pili likiwa nusu. Alijiambia kwamba mpangaji lazima ahakikishe kama wenzake wameandika vizuri. Ijumaa mchana alibandua utepe, akasoma karatasi zote, akafunga kopo kwa utepe mpya wa aina ileile. Kisha akachukua kigurudumu chenye meno ambacho mafundi hupitisha juu ya kitambaa kuhamishia alama, akaigeuza ramani, akachoma vitundu vidogo chini ya kila mraba wenye bomu. Jicho halikuona kitu. Lakini kidole cha mtoto wa fundi kikipita juu, kilihisi vijipele vile mara moja.

Jumamosi mama alipotoka na mfuko wake wa nguo, vita vikaanza.

Ilikuwa balaa. Wadudu wa Pango walimiminika kutoka kaskazini, na hatua kumi tu mbele wakakanyaga bomu la Kibiriti. "Bomu!" Dadu likaonyesha sita. Wadudu sita wakapasuka, mikono ya waya ikaruka huku na huku, na Kibiriti, kwa raha ya ushindi, akawaponda kwa ngumi mpaka udongo ukabaki chapati mezani. Nao Wachimba Madini wakakanyaga mabomu mawili ya Rula, kumi na wawili wakateketea. Waliobaki wakakutana na Wadudu kwenye mtaro, wakakatana mapanga na kuchomana moto, hakuna aliyeomba huruma wala aliyepewa.

Jeshi la Chuma lilikuja taratibu kutoka mashariki. Kila zamu Rula aliinama, akapitisha kidole juu ya ramani kama mtu anayewaza, akapima kwa rula, akasogeza. Kulia kidogo. Kushoto kidogo. Alipita kati ya mabomu kama mtu anayevuka uani kwake. Ili asishtukiwe, alitoa sadaka askari watatu kwenye bomu moja la Mapengo, akajifanya kulia. Ila kwa Kibiriti hakutoa hata mmoja. Hilo lilimponyoka.

Jeshi lake likafika mgongoni mwa Wachimba Madini na kuanza kuwachinja kwa nyuma. Kibiriti akaangalia karatasi yake, akaangalia ramani. Masikio yakamwiva.

"Mabomu yangu manne," alisema. "Umeyazunguka yote manne. La Mapengo umekanyaga, yangu hata moja."

"Bahati," alisema Rula.

Kibiriti akanyakua kopo, akakagua utepe pande zote. Ulikuwa umekaza. Akageuka polepole.

"Ni wewe," akamwambia Mapengo. "Ulikaa na mimi benchi moja. Umechungulia ukamwambia."

"Mimi? Wallahi sijaona kitu. Mimi mwenyewe nimekufa sita kwenye bomu lako!"

"Mmepanga mnimalize mimi kwanza!"

Ngumi ya kwanza ilimpata Mapengo shavuni kabla hajafunga mdomo. Ya pili ikampata puani, damu ikamwagika juu ya Bonde la Vumbi, damu ya kweli, nyekundu kuliko rangi yoyote waliyopaka. Mapengo hakuwa mpiganaji. Alimshika mwenzake shati, akamng'ata mkono kwa meno aliyokuwa nayo. Kibiriti akapiga yowe, akamsukuma kwa nguvu zake zote. Meza ikapinduka. Nati, mbao na udongo vikamwagika sakafuni, na Mapengo akaanguka navyo, paji la uso likagonga mguu wa chuma wa cherehani. Mlio wake ulisikika mpaka nje.

Rula alisimama palepale, mgongo ukutani, rula kifuani.  Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema na ingezuia yote yale, lakini alikuwa anaogopa, na alijua kabisa kwamba anaogopa.

Mama yake aliingia wakati Kibiriti amekaa juu ya kifua cha Mapengo. Akamnyanyua kwa ukosi kama anavyonyanyua kanzu kwenye kamba.

"Mna wazimu? Mtoto wa watu ana damu mpaka shingoni na wewe bado unapiga?"

Akakunja kitambaa safi, akambana Mapengo juu ya nyusi, akawakokota wote watatu hadi zahanati. Muuguzi aliosha kidonda, akachungulia, akasema kingeshuka kidogo tu, jicho lingekwenda. Alimshona nyuzi nne. Mapengo alikuwa akibana mkono wa mama Rula, machozi yakimtoka bila sauti. Rula akawa anahesabu nyuzi, na kila uzi ukawa kama unapita kwenye nyama yake.

Baadaye walikaa kwenye benchi la nje. Kibiriti moto ulikuwa bado haujamzimika.

"Mwambie tu shangazi ukweli," akamwambia Mapengo. "Sema uliniuza, yaishe."

"Hata kama angekuuza, ndiyo umtoe jicho?" mama Rula aliuliza. "Vita vya vidude vya mezani?"

"Shangazi, mimi siwezi kucheza na msaliti. Simtaki tena hata kumuona. Nitawaambia na shuleni."

Mapengo akamtazama kwa jicho moja, maana la pili lilikuwa limevimba. Alichoka. Kichwa kilimgonga, na Kibiriti ndiye alikuwa rafiki yake tangu wanajifunza kutembea.

"Sawa," akasema. "Nilichungulia. Nikamwambia Rula. Nisamehe."

 Mama akamgeukia Rula.

"Ni kweli, mwanangu? Alikuambia?"

Hapo palikuwa pa kutokea. Ndiyo moja tu, na hakuna ambaye angejua siku zote za maisha. Kopo lilikuwa salama, ramani ilikuwa imelowa damu na ingetupwa jalalani. Mapengo alishakubali mwenyewe, nani angempinga? Rula akaangalia lile jicho lililovimba na zile nyuzi nne nyeusi.

"Hapana, mama," alisema. "Hajaniambia kitu. Mimi nilifungua kopo. Nikasoma za wote wawili. Nikatoboa alama chini ya ramani kwa kigurudumu chako, ili nizipapase. Mapengo anadanganya ili tusimchukie."

Kibiriti aliruka kutoka benchini, ngumi juu. Rula hakujikinga. Lakini Kibiriti aliona damu iliyoganda kwenye vifundo vyake mwenyewe, ya mtu ambaye hakuwa amemkosea kitu, na mkono ukashuka wenyewe. Akakaa chini, kwenye vumbi, akalia kwa kwikwi mbele ya wagonjwa wote.

"Nimempiga bure," alisema. "Shangazi, nimempiga bure."

"Ungeuliza kabla ya kurusha ngumi, usingempiga," mama Rula alimjibu, bila ukali. "Hilo ni lako, na utalibeba. Ila si lako peke yako."

Akamvuta binti yake karibu, akamshika kidevu wakatazamana.

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Wewe hukumgusa mtu leo. Mikono yako ilikuwa imekumbatia rula. Lakini kila ngumi aliyopigwa mwenzako, wewe ndiye uliyeirusha. Ulipofungua lile kopo uliwaibia imani yao, na aliyeibiwa akaanza kumshuku asiyehusika. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na uliponyamaza wakati anapigwa, ulidanganya mara ya pili. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniumiza."

Rula alilia. Hakulia kwa kuogopa adhabu, ingawa adhabu ilikuja: mwezi mzima wa kutoa nyuzi na kushona vifungo, na kwenda kwa bibi yake Mapengo kueleza yote kwa mdomo wake mwenyewe. Bibi yule hakuwa na maneno matamu. Alimsema nusu saa nzima akiwa amesimama mlangoni, na Rula akasikiliza mpaka mwisho.

Mapengo ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Jumamosi ya tatu alikuja na bandeji yake na bonge la udongo mbichi. Kibiriti akaja nyuma yake, akakaa akafinyanga Wadudu sita wapya, wabaya wa sura kuliko wa zamani, akawapanga mbele ya mwenzake mmojammoja. Rula aliweka mezani ramani mpya.

"Mabomu mtaandika nyinyi wawili," alisema. "Yangu siweki safari hii. Na karatasi zitakaa kwa mama."

"Kwa nini huweki?" Mapengo akauliza.

"Kwa sababu najua nyinyi mtacheza mkiwa na wasiwasi. Ningekuwa nyinyi, ningekuwa nao."

 Kibiriti alikunja karatasi yake, akampelekea shangazi yake kwenye cherehani, akasubiri mpaka aione imeingia mfukoni mwa aproni. Rula aliona, ikamuuma, akaendelea kupanga askari wake.

Zamu ya kwanza Jeshi la Chuma likasonga sentimita kumi na kukanyaga bomu. Dadu likatoa sita. Zamu ya pili likakanyaga jingine. Majenerali wakararuka, springi zikafyatuka, damu ya mafuta ikatapakaa bondeni, na Wadudu wakaingia kumalizia waliojeruhiwa, wakitafuna nati kwa mbwembwe zote za Mapengo. Rula aliwatoa wafu wake mezani mmojammoja. Saa sita mchana alibaki na askari tisa kati ya sitini.

"Nimekwisha," alisema.

 Kibiriti akamsogezea dadu.

"Bado una tisa," akasema. "Tupa. Zamu yako."

Mama Rula alisimamisha cherehani, akamgeukia binti yake.

"Wiki tatu zilizopita ulikuwa unashinda, na hapakuwa na mtu wa kucheza na wewe," alisema. "Leo umepigwa vibaya, na wenzako bado wapo mezani. Imani mtu hupewa kidogokidogo, mwanangu, na leo umepewa kidogo. Itunze."

Rula akalitikisa dadu kwa viganja viwili, akalitupa.